Tabaka la kati njia panda kuhusu karo ya vyuo vikuu

NYUMBA nyingi za watu wa mshahara nchini Kenya hupokea kwa vifijo habari kwamba mtoto wao amepata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE. Vifijo hivyo hufifia pindi barua ya chuo kikuu inapofuatwa na ujumbe wa pili, unaoeleza bendi aliyopangwa mwanafunzi na kiasi cha pesa ambacho jamaa zake wanatakiwa kutoa.

Kwa mtoto wa kibarua wa shamba la chai, ujumbe huo huwa na afueni kubwa. Kwa mtoto wa mwalimu, muuguzi, karani wa benki au afisa wa polisi, jibu aghalabu huwa kwamba wazazi wana uwezo. Ni neno hilo, uwezo, ambalo limezua malalamiko yasiyokwisha tangu mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu ulipotangazwa Mei 2023, na ambalo lafaa kuchambuliwa kwa hesabu badala ya hasira.

Kabla ya hapo, mwanafunzi yeyote aliyeteuliwa na serikali kujiunga na chuo kikuu cha umma alilipa ada ya Sh16,000 kwa mwaka, awe ni mwana wa waziri au wa mchuuzi wa samaki. Serikali ilitakiwa kujaza pengo lililobaki kwa kukituma kila chuo mgao wa fedha kulingana na idadi ya wanafunzi na gharama ya kozi zao. Mwanafunzi aliyehitaji zaidi aliomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995.

Mpango huo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kasoro yake ni kwamba Hazina Kuu haikuwahi kutoa sehemu yote iliyoahidi, na vyuo vikaanza kuishi kwa madeni. Kwa miaka mingi vilijikimu kupitia masomo ya sambamba, yaliyoanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1998, ambapo waliokosa kuteuliwa walijilipia karo kamili. Kisima hicho kilikauka ghafla baada ya udanganyifu kukabiliwa katika KCSE ya mwaka wa 2016. Watahiniwa 88,929 pekee ndio waliopata C+ na zaidi mwaka huo, na wote wangeweza kupata nafasi za serikali. Hakukuwa na wa kujilipia tena.

Ndipo serikali ikaamua kuacha kufadhili vyuo na badala yake kumfadhili mwanafunzi mmoja mmoja kulingana na hali ya kwao. Waliofanya KCSE mwaka wa 2022, ambapo zaidi ya watahiniwa 173,000 walifuzu kujiunga na vyuo vikuu, ndio waliokuwa wa kwanza kupimwa kwa mizani hiyo. Mwanzoni waligawanywa katika makundi manne. Mwaka wa 2024 makundi hayo yakawa bendi tano.

BENDI TANO

Kwa mujibu wa mwongozo wa 2024, bendi ya kwanza ni ya familia yenye mapato yasiyozidi Sh5,995 kwa mwezi. Ya pili hufika Sh23,670, ya tatu Sh70,000, na ya nne Sh120,000. Anayepita hapo huingia bendi ya tano, ambayo haina kikomo cha juu.

Mwanafunzi wa bendi ya kwanza hupewa ufadhili usiolipwa wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia yake hutoa asilimia tano. Mizani hubadilika kadiri mtu anavyopanda. Katika bendi ya nne ufadhili ni asilimia 40, mkopo asilimia 30 na familia asilimia 30. Katika bendi ya tano ufadhili hushuka hadi asilimia 30, mkopo hubaki asilimia 30, na familia hubeba asilimia 40. Mkopo wa kujikimu nao hupungua, kutoka Sh60,000 kwa mwaka katika bendi ya kwanza hadi Sh40,000 katika ya tano.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Chini ya utaratibu wa zamani, mtoto aliyesomea shule ya msingi ya kibinafsi kwa karo ya mamia ya maelfu alifika chuo kikuu cha umma na kulipa Sh16,000 sawa na yatima. Pesa za mlipa ushuru zilimpunguzia mzigo mtu ambaye hakuwa nao. Kumtaka mwenye nacho achangie zaidi si dhuluma.

Tatizo ni kwamba bendi ya tano haimtambui mwenye nacho. Aliyepitisha Sh120,000 kwa shilingi moja amewekwa kapu moja na mkurugenzi wa kampuni anayepokea Sh2 milioni kila mwezi.

Tuseme kozi inagharimu Sh300,000 kwa mwaka. Familia yenye mapato ya Sh119,900 kwa mwezi itakuwa katika bendi ya nne, na itatakiwa kulipa Sh90,000. Jirani yao mwenye mapato ya Sh120,100 atakuwa katika bendi ya tano na kulipa Sh120,000, huku mkopo wa kujikimu wa mtoto wake ukipungua kwa Sh5,000. Kwa mwaka mzima jirani huyo amewazidi wenzake kwa mapato ya Sh2,400 tu, lakini ametozwa Sh30,000 zaidi za karo. Katika kozi ya miaka minne, nyongeza hiyo ya Sh200 kwa mwezi imemgharimu Sh120,000.

KINACHOFIKA NYUMBANI

Kuna jambo jingine ambalo wafanyakazi hulijua vyema kuliko wanaopanga viwango. Mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira sio unaofika nyumbani.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh125,000 kwa mwezi na ambaye mwenzake hana kazi ya mshahara. Kwa viwango vya mwaka wa 2025, alikatwa Sh4,320 za hazina ya uzeeni ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii ambayo ni kama Sh3,440, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambayo ni Sh1,875. Kodi ya mapato ilichukua takriban Sh27,000 baada ya nafuu ya kawaida ya Sh2,400. Kilichosalia ni Sh88,000 na ushei.

(Wawili wanaopokea Sh62,500 kila mmoja hubakiwa na kama Sh5,400 zaidi kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja ana nafuu yake ya kodi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya jumla ya mapato pekee kuwa kipimo butu.)

Iwapo familia hiyo ya Sh88,000 itahesabiwa kuwa ya bendi ya tano, na ina mtoto mmoja katika kozi ile ya Sh300,000, itadaiwa Sh120,000 za karo. Karo si yote. Mwanafunzi anayetumia Sh12,000 kwa mwezi kwa chumba, chakula na nauli, jambo ambalo jijini Nairobi linahitaji nidhamu, atahitaji Sh108,000 kwa miezi tisa. Mkopo wa kujikimu wa Sh40,000 ukiondolewa, wazazi watajazia Sh68,000. Jumla ni Sh188,000 kwa mwaka.

Watoto wakifuatana, kama inavyotokea katika nyumba nyingi, na wawili wakawa chuoni kwa wakati mmoja, hesabu inakuwa Sh376,000. Hizo ni zaidi ya Sh31,000 kila mwezi, yaani zaidi ya thuluthi ya kile kinachofika nyumbani. Bado hajatajwa kitinda mimba aliye katika shule ya kitaifa ya bweni, ambako karo rasmi imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Bado hakijatajwa kodi ya nyumba, mkopo wa Sacco uliojenga nyumba ya mashambani, wala nyanya ambaye dawa zake za shinikizo la damu zinanunuliwa na mtoto huyo mmoja aliyebahatika kupata kazi.

Kwa maneno mengine, familia hii si maskini na haijadai kuwa maskini. Inachosema ni kwamba ina kipato cha kuishi, wala si cha kulipa karo mbili kwa mkupuo.

Mapato pekee siyo yanayopimwa, ni kweli. Chombo cha kupimia hali ya mwanafunzi huangalia pia mambo kama asili ya wazazi, idadi ya watu katika familia, ulemavu, aina ya kozi na iwapo anatoka eneo lililotengwa kimaendeleo. Lakini mapato ya mtu wa mshahara yana sifa moja inayomponza: yanaonekana. Mamlaka ya Ushuru inayajua hadi senti ya mwisho. Mwenye matatu tatu, au mfanyabiashara wa jumla asiyeweka vitabu, anaweza kujaza fomu kwa unyenyekevu mkubwa na asiwe na hati ya kumsuta. Hapa ndipo mwalimu hujiuliza kwa nini yeye ndiye tajiri mtaani.

MAHAKAMANI

Malalamiko yalipozidi mwaka wa 2024 na wanafunzi kutishia kuandamana, Rais William Ruto aliunda kamati ya kuuchunguza mfumo huo. Wakati huohuo mashirika ya kutetea haki, likiwemo lile la Kenya Human Rights Commission, yalikuwa yamekwenda mahakamani.

Mnamo Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, ambayo katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kupata elimu. Serikali ilikata rufaa, na mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kwa sababu hiyo wanafunzi waliendelea kupangwa katika bendi.

Afueni iliyokuja haikutoka kwa majaji. Wizara ya Elimu ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba kuanzia Septemba mwaka huo, karo inayolipwa na familia ingepunguzwa kwa kati ya asilimia 15 na 40 kulingana na kozi, na iwe kati ya Sh5,000 na Sh75,000 kwa muhula.

Katika mfano wetu, mzazi wa bendi ya tano aliyekuwa akidaiwa Sh120,000 angejikuta akilipa kati ya Sh72,000 na Sh102,000. Si haba. Hata hivyo, punguzo hilo halikugusa chumba wala sahani ya ugali, na ni gharama hizo zinazomrudisha mwanafunzi nyumbani katikati ya muhula mara nyingi kuliko karo yenyewe.

Kenya haiko peke yake katika mkwamo huu. Nchini Afrika Kusini, mfuko wa serikali wa kuwasaidia wanafunzi huwafadhili wale ambao familia zao hazipati zaidi ya randi 350,000 kwa mwaka. Waliozidi hapo kidogo waliachwa wakielea kwa miaka, hadi serikali ilipotangaza mwaka wa 2024 mpango wa mikopo kwa familia zenye kipato cha kufikia randi 600,000. Somo lililopatikana huko ni kwamba kundi la kati halihitaji sadaka. Linahitaji mkopo wa riba nafuu unaotolewa kwa wakati. Wapangaji wa Nairobi wangefanya vyema kulitafakari hilo.

NJIA ZILIZOPO

Kosa la kwanza ambalo familia za aina hii hufanya ni kutoomba kabisa. Baadhi ya wazazi huona haya. Wengine hudhani kwamba wakishapita kiwango fulani hakuna cha kupata. Mwanafunzi asiyetuma ombi la ufadhili na mkopo huchukuliwa kuwa ana uwezo wa kulipa gharama yote. Yaani katika kozi ya Sh300,000, haya hiyo itamgharimu mzazi Sh180,000 zaidi kwa mwaka, zikiwemo Sh90,000 za ufadhili ambazo hazikuwa za kurudishwa.

Mkopo wa HELB nao hudharauliwa pasi na sababu. Riba yake ni asilimia nne kwa mwaka. Sacco nyingi hutoza asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, na benki hutoza zaidi ya hapo. Mzazi anayekataa mkopo wa mtoto wa asilimia nne ili akakope mwenyewe kwa asilimia 12 amejitwika mzigo kwa fahari tu. Iwapo ana pesa za ziada, ni heri aziweke kando zimsaidie mtoto kuulipa mkopo huo baada ya kuhitimu.

Sacco ina mahali pake, lakini si mahali ambapo wengi huiweka. Desturi ya vyama hivyo ni kumkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, mradi ana wadhamini na mshahara wake haujamalizwa na makato mengine. Mzazi anayekwenda kuomba mkopo wa karo mwezi wa Septemba, ilhali bado analipia ule wa paa la nyumba, atakuta mlango nusu wazi. Aliyeongeza akiba yake kidogo kidogo tangu mtoto alipoingia Kidato cha Kwanza atakuwa na usemi.

Kuna pia bima za elimu. Sheria ya kodi ya mapato hutoa nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima hiyo, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka, mradi imepangwa kukomaa baada ya miaka isiyopungua 10. Anayelipa Sh10,000 kwa mwezi hupunguziwa kodi ya Sh18,000 kwa mwaka. Kipengele hicho cha miaka 10 ndicho kinachowaumbua wengi: bima ya namna hii hununuliwa mtoto akiwa shule ya msingi, si akiwa Kidato cha Tatu, na anayeivunja njiani hupoteza sehemu ya pesa zake.

Mwanafunzi ambaye anaamini amepangwa vibaya anaweza kukata rufaa ili hali yake ipimwe upya. Rufaa haishindwi kwa malalamiko. Mzazi aliyestaafu au kupoteza kazi baada ya fomu kujazwa aambatanishe barua ya mwajiri. Mwenye ndugu wengine chuoni atoe barua zao za kusajiliwa. Mwenye mgonjwa atoe stakabadhi za hospitali. Wakati rufaa ikisikilizwa, ni busara kwenda kwa ofisi ya fedha ya chuo mapema na kukubaliana kuhusu kulipa kwa awamu, kabla jina la mwanafunzi halijafungiwa nje ya mtihani.

Uamuzi mkubwa zaidi, hata hivyo, hufanywa kabla ya bendi kujulikana, siku mtahiniwa anapochagua kozi. Wengi hutazama jina la chuo na alama za kuingilia, na kupita haraka safu inayoonyesha gharama. Kwa kuwa mchango wa familia ni asilimia ya gharama hiyo, kozi yenye bei ya juu humuumiza zaidi aliye bendi ya tano kuliko mwingine yeyote. Chuo kilicho karibu na nyumbani kinaweza kufuta gharama ya chumba.

Wanaoelekea vyuo vikuu vya kibinafsi wana jambo la kuzingatia zaidi: chini ya mfumo wa 2023, ufadhili usiolipwa hauwafikii. Wanachoweza kuomba ni mkopo pekee, na pengo lote lililobaki ni la familia. Kwa upande mwingine, vyuo vya kiufundi vya umma viliwekewa karo ya takriban Sh67,000 kwa mwaka kabla ya ufadhili na mkopo, na mwenye diploma kutoka huko anaweza baadaye kuendelea hadi shahada. Tabaka la kati limezoea kuviona vyuo hivi kuwa vya watoto wa wengine.

Deni lenyewe lazima lizungumzwe mezani kabla ya mtoto kutia sahihi. Mwanafunzi wa bendi ya tano katika kozi ya Sh300,000 hukopa Sh90,000 za karo na Sh40,000 za kujikimu kila mwaka, na baada ya miaka minne atakuwa na Sh520,000 jinani mwake kabla ya riba. Anatakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo, awe amepata kazi au la. Anayekaa kimya hutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi, na jina lake huweza kupelekwa kwa mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji. Asiye na kazi anashauriwa aiandikie bodi mapema kueleza hali yake, na aweke nakala ya barua hiyo.